Lenzi ndefu za filamu ya 120 kwenye kamera ya dijitali

Mpiga picha anayetafuta lenzi ndefu, ya kuvuta vilivyo mbali, yenye tundu kubwa la mwanga hukutana na bei inayokatisha tamaa, kwa kuwa lenzi mpya ya milimita 300 yenye f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) kutoka kampuni yoyote kubwa huzidi bei ya bodaboda mpya mara kadhaa. Ndiyo maana nimekuwa nikizitetea lenzi ndefu za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera za filamu ya 120, zile kamera nzito ambazo picha yake moja ilikuwa ya mraba wenye upana wa milimita 56. Hadi leo zinapatikana kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Zinalalamikiwa kwamba picha zake zimefifia, kwamba weusi wake ni wa kijivu, na kwamba wakati wake umekwisha. Kwa kadiri nilivyozitumia hapa Dar es Salaam, kwenye mikoko ya Kunduchi na ufukweni ambako mashua hushusha samaki, naona lawama hiyo kwa sehemu kubwa imeangukia pasipostahili. Kioo kinasingiziwa kosa la adapta, yaani kipande kinachounganisha lenzi ya zamani na kamera ya kisasa, na la mwanga tunaouacha uzurure ndani yake.

Familia ninayoijua vizuri ni ya Pentacon Six, kamera ya Ujerumani Mashariki iliyoanza mwaka 1956 kwa jina la Praktisix na kuendelea kutengenezwa, kwa matoleo tofauti, hadi mwaka 1990. Kwa kamera hiyo kiwanda cha Carl Zeiss cha Jena kilitengeneza Sonnar ya milimita 180 yenye f/2.8 na nyingine ya milimita 300 yenye f/4. Meyer-Optik ya Görlitz ilitoa Orestegor ya milimita 300, ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Pentacon, na kiwanda cha Arsenal cha Kiev kikatoa Jupiter-36 ya milimita 250 yenye f/3.5 pamoja na Kaleinar-3 ya milimita 150 yenye f/2.8. Katika hizo zote ninayoipenda zaidi ni Sonnar ya 180. Chimbuko lake ni lenzi ya kamera ya Contax iliyobuniwa na Ludwig Bertele, ikajulikana kama Olympia Sonnar kwa sababu iliandaliwa kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936. Ina vipande vitano vya kioo vilivyopangwa katika makundi matatu, kwa hiyo kuna nyuso sita tu ambapo kioo hukutana na hewa. Kila uso wa namna hiyo hurudisha nyuma sehemu ya mwanga, na lenzi yenye nyuso sita, hata ikiwa na utando mmoja tu wa kuzuia mng'ao, ina nafasi nzuri ya kutoa picha yenye weusi wa kweli. Mtu anayeniambia kwamba Sonnar kwa asili yake hufifisha picha mimi humwomba kwanza anioneshe adapta yake.

Hapa kuna hesabu inayoeleza karibu kila kitu. Lenzi hizi zilitakiwa kuumulika mraba wa milimita 56 kwa 56, yaani milimita za mraba 3,136. Kihisi, yaani kile kinachopokea picha badala ya filamu, katika kamera ya dijitali ya fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, ambazo ni 864. Karibu robo tatu ya mwanga uliokusudiwa kwa filamu unapita pembeni ya kihisi, na kwenye kamera zenye kihisi kidogo zaidi cha aina ya APS-C, karibu sehemu tisa kati ya kumi zinapotea. Mwanga huo hautoweki. Unagonga kuta za adapta, unagonga kingo za chumba cha ndani ya kamera, kisha unarudi kwenye kihisi ukiwa ukungu mwembamba uliotandazwa juu ya picha nzima. Na adapta yenyewe ni bomba refu, kwa sababu kwenye Pentacon Six umbali kutoka mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, hadi kwenye filamu ni milimita 74.1, ilhali kwa Canon zenye mdomo wa EF ni 44 na kwa Sony zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) ni 18 tu. Anayetumia Sony anaweka kati ya lenzi na kamera bomba la zaidi ya milimita 56, na adapta nyingi za bei nafuu zimepakwa ndani rangi nyeusi inayong'aa.

Jaribio lake ni rahisi. Funga adapta kwenye lenzi bila kamera, fungua tundu lote, elekeza lenzi dirishani wakati wa mchana, kisha tazama kwa nyuma huku ukiisogeza kidogo kulia na kushoto. Ukiona ukuta wa ndani wa adapta unang'aa kama pete, umeshapata chanzo cha picha zako zilizofifia. Mimi hukata kipande cha mahameli nyeusi kwa kipimo cha ukuta huo, nikakibandika kwa gundi nyembamba, nikiacha wazi kingo zote zinazokutana na chuma cha lenzi na cha kamera, na kuhakikisha hakuna uzi unaoning'inia kuelekea kwenye kihisi. Baada ya hapo nashughulikia kivuli cha lenzi, yaani lile bomba fupi la mbele linalozuia jua la pembeni. Kivuli cha asili kilipimwa kwa picha ya mraba mpana, kwa hiyo kwa kihisi kidogo kinaweza kurefushwa sana: unakunja kadibodi nyeusi, unairefusha hadi ionekane kwenye kona za picha, halafu unaipunguza hadi itoweke. Picha ya yangeyange mweupe aliyesimama mbele ya mizizi ya mikoko, iliyopigwa kwa lenzi ileile, jua lilelile na f ileile, hubadilika kabisa. Mizizi inakuwa nyeusi, na manyoya ya mgongoni yanaanza kuhesabika.

Adapta ina kosa la pili, nalo ni unene. Ikiwa nyembamba kupita kiasi kidogo, hakuna hasara kubwa, kwani pete ya fokasi itavuka tu alama ya mbali kabisa. Ikiwa nene, lenzi haitafika mbali hata ufanyeje. Kwa lenzi ya milimita 180, unene wa ziada wa nusu milimita tu unatosha kuifanya ikomee kwenye umbali wa takriban mita 65, na kila kilicho mbali zaidi ya hapo kinabaki na ukungu. Ijaribu kwa mwezi au kwa mnara wa simu ulio mbali kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita.

Kuhusu urefu wa fokasi wenyewe, yaani zile milimita zinazotajwa kwenye jina la lenzi, nasema kwa kifupi: lenzi ya milimita 180 ni ya milimita 180 kwenye kamera yoyote, na kuwa ya filamu pana hakuipunguzi wala hakuiongezi. Kinachobadilika ni sehemu ya picha inayokatwa na kihisi. Faida inayotokana na ukubwa wa asili ni kwamba tunatumia kitovu tu cha picha, mahali ambapo lenzi ina ubora wake wote, na kona hazina giza wala mvutiko. Dhidi ya hilo lazima iwekwe hoja ya haki: lenzi hizi zilisanifiwa kwa filamu iliyokuzwa kidogo, na kihisi cha kisasa kinazidai zaidi ya walivyofikiria wasanifu wake. Ikiwa wazi kabisa, Sonnar ya 180 huweka ukingo wa zambarau au wa kijani palipo na weupe mkali kando ya weusi. Kufunga tundu hadi f/5.6 kunaondoa sehemu kubwa ya ukingo huo, na kwa ndege mweupe sipigi kwa tundu lililo wazi zaidi ya hapo.

Fokasi ni ya mkono, na kina cha kile kinachoonekana wazi ni kifupi. Kwa Sonnar hiyo ikiwa f/2.8, kitu kilicho umbali wa mita tano kina takriban sentimita 13 tu za kuonekana vizuri kwenye fremu kamili. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi zimerahisisha kazi hii mno, kwa kuwa unaweza kuikuza picha ndani ya kitafutio, kile kidirisha cha kuchungulia, na kuona jicho la ndege kabla ya kubonyeza. Kama kamera yako ina uthabiti wa ndani, yaani mfumo wa kutuliza mtikisiko wa mkono, iambie wewe mwenyewe urefu wa lenzi, kwa sababu lenzi haiwezi kuiambia. Uzito wote ushikwe kwa lenzi au uwekwe kwenye stendi kupitia mguu wa lenzi au wa adapta, usining'inie kwenye mdomo wa kamera. Na saa sita mchana, hewa moto inapocheza juu ya matope ya bahari iliyokupwa, kaa kivulini, maana hakuna lenzi ndefu ya bei yoyote inayoweza kupenya hewa hiyo.

Katika kununua, ninaogopa kuvu kuliko mikwaruzo. Pwani yetu ina unyevu, na lenzi iliyokaa kabatini miaka mingi mara nyingi huwa na nyuzi nyembamba ndani yake, zinazoonekana ukimulika tochi kwa ubavu. Nyuzi hizo zikikaa muda mrefu hula utando wa kioo, na fundi hawezi kuurudisha. Kwa lenzi za Kiev angalia pia herufi ya Kirusi iliyo mwisho wa jina: Б ni ya mdomo wa Pentacon Six, В ni ya Kiev 88, kamera nyingine yenye mdomo tofauti, na wauzaji wengi huziandika zote mbili kama B.

Mwanga ule wa ziada unaopita pembeni ya kihisi una matumizi mamoja mazuri. Zipo adapta zinazoteleza, ambazo huiruhusu lenzi kusogea pembeni mbele ya kihisi. Ukipiga picha moja katikati, nyingine lenzi ikiwa imesogezwa milimita kumi kushoto, na ya tatu milimita kumi kulia, kisha ukaziunganisha kwenye kompyuta, unapata picha yenye upana wa milimita 56, yaani upana kamili wa filamu ambayo Sonnar ilitengenezewa. Kwa mashua zilizopangana ufukweni, mbali kiasi cha kutosha ili kusogea kwa lenzi kusilete tofauti, nimeacha kabisa kutumia njia nyingine.