Siku Tatu Marree: Mvua, Msikiti wa Udongo na Daftari la Mzee wa Ngamia

Nilikusudia kulala Marree usiku mmoja tu. Safari yangu ilikuwa ya kwenda kuliona ziwa la chumvi la Kati Thanda, ambalo ramani nyingi bado huliita Lake Eyre na ambalo sakafu yake iko takriban mita 15 chini ya usawa wa bahari. Marree, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Australia Kusini, kilomita zipatazo 680 kutoka Adelaide, kwangu ulikuwa mahali pa kujaza mafuta na kuendelea. Usiku huo ikanyesha mvua ambayo sisi watu wa Mombasa tungeiita manyunyu. Kulipopambazuka nilikuta kibao kikitangaza kwamba barabara zote mbili za udongo, ya Oodnadatta na ya Birdsville, zimefungwa, na atakayepita atatozwa faini nzito, kwa sababu mitaro inayochimbwa na magurudumu kwenye matope hukauka na kuwa migumu kama saruji.

Nikakaa siku tatu. Bei zilinitia uchungu, na sitaacha kulisema hilo: chumba chembamba chenye kitanda kimoja na choo cha kushirikiana kilinigharimu fedha ambazo nyumbani zingeniweka hotelini pamoja na kifungua kinywa, na gari nililolikodi liliendelea kuhesabiwa siku kwa siku hata likiwa limesimama. Mafuta nayo yalikuwa ghali kuliko mahali pengine pote nilipopita. Ni kweli kwamba kila kitu huletwa hapa kwa lori kutoka mbali, lakini ukweli huo hauongezi pesa mfukoni.

Mji wote unauzunguka kwa miguu kwa nusu saa. Katikati yake kuna kituo cha reli kisicho na reli inayofanya kazi, na injini kuukuu za dizeli zimeachwa juani zikishika kutu. Treni ilifika hapa mwaka 1884, na kituo kikaitwa Hergott Springs, kwa jina la Joseph Herrgott, Mjerumani aliyeziona chemchemi za hapa mwaka 1859 akiwa katika msafara wa mvumbuzi John McDouall Stuart. Watu wa Arabana na wa Dieri walikuwa wamezinywa chemchemi za nchi hii karne nyingi kabla yake. Mwaka 1918, kwa chuki ya vita na Ujerumani, jina la Herrgott likaondolewa, likabaki Marree.

Mizigo iliyoshushwa kutoka kwenye mabehewa ilipakiwa juu ya ngamia, na dume lenye nguvu liliweza kubeba hadi kilo 600. Misafara hiyo ilipeleka unga, chai na misumari kwenye mashamba ya mifugo mpaka Birdsville, zaidi ya kilomita 500 kaskazini, na kurudi na marobota ya sufu. Waendesha ngamia waliitwa wote Waafghani, na ndiyo sababu treni ya njia hii ikaja kuitwa Ghan, ingawa wengi wao walitoka Baluchistan, Punjab, Sindh na Peshawar. Niliposoma neno Baluchistan pale kituoni nilisimama kidogo. Nimekulia Makadara, nikicheza mpira na watoto wa Kibulushi, ambao babu zao walikuja kuwa askari wa Sultani. Kumbe watu wa nchi ile ile, wakisafiri baharini kuelekea upande mwingine, ndio waliofika hapa.

Reli ndiyo iliyoujenga mji, na reli hiyo hiyo ilikuwa mpaka. Wazungu waliishi upande mmoja, na wenye ngamia pamoja na wenyeji wa asili wakaishi upande wa pili. Hata makaburini watu wamelazwa katika sehemu tatu, kila kundi peke yake. Nilizunguka pale muda mrefu kwenye udongo uliolowa, nikawasomea Fatiha wale wa upande wangu, kisha nikaona haya, nikawaombea wote.

Msikiti uliopo leo ni mfano uliojengwa kuukumbuka ule wa zamani, unaohesabiwa miongoni mwa misikiti ya mwanzo kabisa katika Australia. Nguzo zake ni miti isiyorandwa, kuta zake ni za udongo, na paa ni la matawi. Ule wa kwanza ulikuwa na kidimbwi mbele yake cha kutilia udhu. Nilitandaza shuka langu kuswali Adhuhuri, na mwili ukataka kugeuka kaskazini kama nilivyozoea tangu utotoni. Ilinibidi niusahihishe uelekee magharibi, kwa kuinama kidogo tu upande wa kaskazini.

Nilipotoa salamu, nilimwona bibi mmoja wa makamo ya mama yangu amesimama karibu na minazi, nami nikasahau kwamba si minazi bali ni mitende, iliyopandwa na watu wa ngamia. Aliniuliza kama najua kusoma maandishi ya Kiarabu. Nikamwambia najua. Akaniomba nimsubiri, akaenda nyumbani kwake, akarudi na daftari lenye jalada la ngozi lililofungwa kwa kitambaa cha meza. Lilikuwa la babu yake, mwenye ngamia, na katika familia hapakuwa na aliyeweza kulisoma tangu alipofariki.

Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na Bismillahi, nikaisoma kwa sauti, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba amewahi kuisikia. Kisha nikakwama. Herufi nilizijua lakini maneno hayakuwa ya Kiarabu, na tarakimu za nne, tano na sita ziliandikwa kwa namna nyingine. Nilitaka kumwomba radhi na kulifunga, ndipo jicho likaangukia neno moja: chai. Chini yake palikuwa na ata, ambayo kwetu ni ule unga wa chapati unaouzwa kila duka. Nikatambua kwamba nasoma orodha ya mizigo. Karibu kila ukurasa, pembeni ya majina ya watu, lilirudi neno jingine ambalo sikuhitaji kufundishwa: baki.

Nikamweleza kwamba kwetu pia baki ni kile ambacho bado hakijalipwa. Akavuta kiti, akakaa. Alinisimulia kwamba babu yake alikuwa na ngamia wengi, kisha malori yakaja, kisha ikaja sheria ya jimbo ya mwaka 1925 iliyoruhusu ngamia wasio na alama wapigwe risasi, na kwamba wenye ngamia wengi waliona heri kuwafungulia waende zao nyikani. Babu huyo hakuwahi kuwa raia. Sheria ya mwaka 1903 ilimfungia mlango yeyote mzaliwa wa Asia.

Nilifikiria barua za nyanya yangu, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo ziko kwenye kasha la mama na ambazo wadogo zangu hawawezi kuzisoma hata neno moja. Nilifikiria pia stesheni yetu ya zamani ya Mombasa, iliyonyamaza baada ya treni za abiria kuhamia reli mpya mwaka 2017. Treni ya Ghan nayo ilihamishiwa njia mpya ya magharibi mwaka 1980, na Marree ikabaki na watu wachache tu, wasio na meya wala baraza la mji. Shughuli za pamoja huziendesha wakazi wenyewe kupitia kamati yao, na mashindano ya ngamia ya kila Julai huujaza mji wageni.

Siku ya tatu barabara ya ziwani ilifunguliwa saa nne asubuhi. Sikwenda. Tulikuwa mezani kwa bibi tangu alfajiri, mimi nikisoma, yeye akiandika kwa penseli kila kiasi nilichokitambua, gunia kwa gunia, na kila nilipofika kwenye baki alinisimamisha.

"Na huyu ni nani?" aliuliza.

Jina lilikuwa la Kizungu lililoandikwa kwa herufi zisizo na irabu. Nililitamka kwa namna tatu. Kwa namna ya tatu aliinua penseli, akatazama dirishani kuelekea ng'ambo ya reli, kisha akaliandika.