Mashine imechukua kazi rahisi, ngumu imebaki kwetu

Ninafanya kazi ya usalama katika kiwanda cha shaba, nje kidogo ya Lubumbashi. Watu wakisikia kwamba mitambo yetu sasa inaendeshwa na kompyuta, wananipongeza: basi ajali zimekwisha. Za zamani zimepungua kweli. Siku hizi hapandi mtu juu ya tangi la asidi kupima kina kwa fimbo, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini zimeingia hatari nyingine, zisizoonekana kwa macho, na hizo ndizo zinazoninyima usingizi.

Chukueni kinu cha kusagia mawe. Ndani mna mipira ya chuma inayopanda na kuanguka, ikiponda mawe. Kompyuta inaangalia umeme ambao mota inakula. Ukishuka, inaelewa kwamba kinu kina nafasi, inaongeza mawe. Mara nyingi inakuwa sawa. Ila kinu kikijaa kupita kiasi, mipira inakosa pa kuangukia, mzigo wote unazunguka pamoja, na umeme unashuka vilevile. Dalili ni moja, maana ni mbili zinazopingana. Kompyuta ambayo haikupangiwa kuzitenganisha itaendelea kukilisha kinu ambacho tayari kimeshiba.

Kulikuwa na papa mmoja kazini kwetu, fundi mzee aliyelelewa na mitambo ya Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Alikuwa akisimama chini ya ngazi, anainamisha kichwa, anasikiliza. Kinu chenye mzigo wa kawaida kinapiga kelele kavu, kama mvua ya mawe juu ya bati. Kikizidiwa, sauti inakuwa nzito, inafifia, mwishoni kinu ni kama kimenyamaza. Papa anashika redio: «Alisha kushiba huyu, mupunguze!» Na kwenye skrini kila kitu bado ni kijani.

Vijana wanaoongoza mitambo leo ni hodari, wana diploma zao, na programu wanaijua kunishinda. Lakini wamekaa nyuma ya kioo kinene, na kinu hawakisikii. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Uingereza, Lisanne Bainbridge, aliliona jambo hili: mbuni anaipa mashine anachoweza kuipangia, na kilichomshinda anamwachia binadamu. Halafu binadamu huyo anaitwa siku mambo yameharibika, wakati mikono yake imekwishasahau kazi. Sijasoma maneno ya kweli zaidi ya hayo kuhusu kazi yangu.

Kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta cha Milford Haven, Wales, tarehe 24 Julai 1994, mambo yalianza na radi asubuhi. Mitambo ikayumba. Vali moja ilikuwa imefunga, lakini mfumo ulionyesha kwamba iko wazi. Mafuta yakaendelea kuingia kwenye chombo kisicho na pa kutokea, na saa chache baadaye mlipuko ukatokea, watu 26 wakaumia. Katika dakika 11 za mwisho, waongozaji wawili walipigiwa kengele 275 za tahadhari. Hesabuni wenyewe: ni kama kengele moja kila sekunde mbili na nusu. Ya maana ilikuwa humohumo ndani, ila nani angeitambua?

Sisi wa Lubumbashi radi tunaijua, kuanzia Novemba mpaka Machi, na umeme wetu unayumba hata pasipo na wingu. Kila unapoyumba pampu zinasimama kwa pamoja na skrini inajaa nyekundu. Tena maandishi yake mengi ni vifupisho vya Kiingereza, wakati taratibu zetu zimeandikwa Kifaransa na kwenye redio tunaongea Kiswahili. Mtu aliyefika saa ya tisa ya zamu ya usiku anapita lugha tatu kabla mkono wake haujagusa kitu. Msije mkamwita mzembe.

Kuna na hili la mashine kujiwasha. Zamani mkanda wa kusafirishia mawe ukisimama, ni mtu aliyeusimamisha, na unamjua kwa sura. Sasa unaweza kusimama kwa sababu kihisishi fulani, kile kifaa kinachoipimia kompyuta, kimeomba usubiri, na utaondoka wenyewe kihisishi kikiridhika. Mkanda uliotulia haumaanishi mkanda uliozimwa. Robert Williams, kijana wa miaka 25, alipanda kwenye rafu za kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, tarehe 25 Januari 1979, kuchukua vyuma. Roboti ilikuwa bado inafanya kazi. Mkono wake ukampiga, akafa.

Ndiyo maana kwa kufuli sisikilizi maombi. Anayeingia chini ya mkanda anakata umeme, anaweka kufuli lake, ufunguo unakaa mfukoni mwake, halafu anajaribu kuwasha ahakikishe hauwaki. Hata kama ni kuokota jiwe moja. Hata kama shefu wa uzalishaji anapiga simu.

Ninachopigania sasa ni saa moja ya kila zamu ambayo mwongozaji anatoka kwenye kioo, anatembea kinuni na kwenye matangi pamoja na fundi mzoefu, akisikiliza. Wakubwa wanasema ni saa iliyopotea. Pia tumeanza kupitia kengele zetu moja moja: isiyomdai mtu afanye lolote, inatolewa. Wenzangu wa Kolwezi na Likasi ambao mmekwisha kufanya kazi hii, niandikieni mlianza na zipi, na mliwashawishi vipi wakubwa wenu.