Jina Lililohitaji Ukurasa Mpya

Jumapili ya tarehe 21 Aprili 2024 ilinikuta nyumbani kwa mjomba wangu mtaani Manyatta, Kisumu, nilikokwenda likizoni kutoka Lanet, Nakuru, ninakofundisha. Mvua ya masika ilikuwa imekolea mwezi ule, na ilipopiga mabati kwa nguvu ilitulazimu kuongeza sauti ya televisheni hadi mwisho. Mjomba alikuwa ameketi mbele ya televisheni hiyo tangu saa moja asubuhi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na tai ya rangi ya samawati. Magotini aliweka daftari lenye jalada gumu jeusi, ambalo uti wake ulikuwa umeshikiliwa kwa plasta ya kufungia vidonda.

Siku tatu kabla, yaani Alhamisi ya tarehe 18, helikopta ya jeshi ilianguka Sindar, katika kaunti ya Elgeyo Marakwet. Kati ya watu 12 waliokuwa ndani, 10 walifariki, na mmoja wao alikuwa Jenerali Francis Omondi Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya. Marehemu alikuwa ameacha wosia kwamba azikwe ndani ya saa 72 na asiwekwe kwenye jeneza. Kwa hiyo Jumapili ile alikuwa akizikwa kwao Alego, kaunti ya Siaya, mahali ambapo mtu akitoka Kisumu asubuhi hufika kabla ya jua kukaza. Mjomba alitamani sana kwenda, lakini magoti yake hayakumruhusu kusimama katika umati, na mimi sikutaka kumwacha peke yake siku kama ile.

Mjomba aliwahi kuwa fundi wa injini katika Jeshi la Wanahewa. Aliingia mwaka 1970, akatoka mwaka 1979 mkataba wake ulipokwisha, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kwenye kituo cha Eastleigh, Nairobi, akizihudumia ndege za uchukuzi aina ya Caribou. Jeshi lenyewe lilikuwa bado changa wakati huo. Lilizinduliwa tarehe 1 Juni 1964, hata miezi sita ya uhuru ikiwa haijatimia, na walioliongoza mwanzoni walikuwa Waingereza. Wastaafu wengi niliowahi kuwatembelea huhifadhi medali na picha. Mjomba alihifadhi orodha. Kila kamanda aliyepata kuliongoza jeshi lile alimwandika kwenye daftari lile jeusi, jina na mwaka wa kushika usukani na mwaka wa kuuachia, kwa kalamu yoyote iliyokuwa karibu.

Nimelisoma daftari hilo tangu utotoni. Jina la kwanza ni la Stockwell, 1964. Mistari michache chini yake limeandikwa jina la Dedan Gichuru, Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa ukamanda, nalo limepigiwa mistari miwili kwa wino mwekundu. Mjomba alinisimulia mara nyingi kwamba usiku wa habari hiyo mafundi hawakurudi mabwenini, bali walibaki karakanani wakizungumza hadi usiku wa manane, kwa sababu kwa mara ya kwanza kijana aliyepitia chuo cha kijeshi cha Lanet kama kadeti angeweza kuitazama ngazi hadi kidato cha juu kabisa na kumwona mtu wa kwao amesimama pale. Baada ya Gichuru anafuata Peter Kariuki, 1980. Kisha linakuja jina lililoandikwa kwa wino tofauti, limebanwa katikati ya mistari miwili kana kwamba lilichelewa kufika.

Na kweli lilichelewa. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Wanahewa walijaribu kuipindua serikali, wakashindwa siku hiyohiyo. Jeshi zima likavunjwa, Kariuki akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kufungwa, na kikosi kipya kilichoundwa kikapewa jina la mwaka wenyewe, Jeshi la Wanahewa la 82. Aliyekabidhiwa kuliongoza alikuwa Mahamoud Mohamed, afisa wa jeshi la nchi kavu. Nilipokuwa kidato cha tatu nilimuuliza mjomba kwa nini daftari linaruka kutoka 1982 hadi 1986, naye akanijibu kwa mkato, "Huyo si wetu." Niliona hamtendei haki, na bado naona hivyo, maana nyumba iliyobomoka ni lazima apatikane wa kuishika nguzo kabla ya wenyewe kurudi. Miaka mingi baadaye nilikuta jina limeandikwa. Hakunieleza sababu, nami sikumuuliza. Linalofuata ni la Gichuru tena, 1986, mtu aliyerudi kukiongoza kikosi ambacho hata jina lake la zamani kilikuwa hakijarudishiwa. Hilo lilirudi mwaka 1994.

Jumapili ile, msomaji wa habari alipokuwa akieleza maisha ya marehemu, mjomba aliinua kidole kunizuia nisiongee. Ogolla aliingia jeshini Aprili 1984 na kutunukiwa cheo cha Luteni Usu Mei 1985.

"Umesikia mwaka, mwalimu?" akaniuliza.

"Nimesikia, mjomba. 1984."

"Aliingia wakati watu walikuwa wanaona haya kusema wao ni wanahewa. Sisi tuliokwisha kutoka tulikuwa tunanyamaza hata kwenye matatu. Huyu kijana wa Siaya yeye akaenda kuomba nafasi."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo. Nilikuwa nikiichukulia kazi ya afisa mkuu kama msururu wa vyeo tu: Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia, na kuendelea. Hivi ni vyeo vilevile vya nchi kavu, kwa kuwa wanahewa wetu hawakuchukua vyeo vya angani vya Uingereza. Lakini Ogolla na wenzake wa miaka ile walipanda ngazi huku wakiijenga. Alifunzwa urubani wa ndege za kivita na wanahewa wa Marekani, akawa mkufunzi wa marubani, akaongoza kituo cha Laikipia kule Nanyuki, na mwaka 2018 akawa kamanda wa jeshi lote la wanahewa. Kila asubuhi huko Lanet nawaona makadeti wakikimbia kando ya barabara, wamenyolewa vichwa, na tangu siku ile siwezi kuwatazama bila kujiuliza kila mmoja amekuta nini ndani na atalazimika kujenga nini.

Basi likazuka suala la daftari. Jina la Ogolla lilikuwepo tayari, 2018 hadi 2021, na baada yake la John Omenda. Lakini Ogolla alifariki akiwa Mkuu wa Majeshi, cheo alichopewa mwaka 2023, na kwa miongo mingi cheo hicho kilikuwa hakijafika kwa mwanahewa. Julius Karangi alipokuwa wa kwanza kukipata, mwaka 2011, mjomba aliandika tu pembeni ya jina lake neno "amepanda". Safari hii neno moja aliliona halitoshi. Alifungua ukurasa mpya nyuma ya daftari, akajaribu kuandika, mkono ukatetemeka, akanipa kalamu. Niliandika Karangi, kisha Ogolla, naye akanitajia miaka kwa kichwa, akinisahihisha nilipotaka kufupisha. "Andika Jenerali yote, usiandike herufi mbili." Televisheni ilikuwa ikionyesha mwili uliofunikwa bendera ukibebwa na maafisa, bila jeneza, kama alivyoagiza. Mizinga ilipopigwa, mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba tuliiona kwa moshi kabla ya kuisikia.

Mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa shule, nikawa bado niko Manyatta mwanzoni mwa Mei, wakati Rais alipotangaza viongozi wapya wa majeshi. Mkuu wa Majeshi alikuwa Charles Kahariri, mwanamaji. Jeshi la Wanahewa lilipewa Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed, mwanamke wa kwanza kuongoza tawi lolote la majeshi yetu, aliyeanzia katika kikosi cha wanawake cha miaka ya 1980, kikosi ambacho nacho kilikuja kuvunjwa.

Nilidhani mjomba angesita kama alivyosita zamani. Aliniita mezani, daftari likiwa limekwisha kufunguliwa kwenye ukurasa ule wa mbele, kidole chake kikiwa chini ya jina la Omenda.

"Andika hapa," akasema. "Huyu ni wetu. Na Gaiti uiandike vizuri."