Fomu ya kibali cha maji taka huja mwisho

Wenye viwanda vidogo hapa Viwandani, Nairobi, huniuliza jambo moja kila tunapokutana: fomu ya kuomba kibali cha kumwaga maji ya kiwanda kwenye bomba la maji taka inapatikana wapi, na inajazwaje? Mimi ni msimamizi wa ubora katika kiwanda kidogo cha maziwa. Tunapokea maziwa ya wafugaji, tunatengeneza maziwa lala, yogati na jibini kidogo. Kazi ya kibali iliniangukia mimi, nikaishughulikia tangu mwanzo hadi karatasi ilipobandikwa ukutani. Jibu langu ni kwamba fomu ndiyo sehemu nyepesi. Anayeanza nayo atakwama kwenye maswali ya ukurasa wa kwanza, kwa sababu majibu yake yako chini ya sakafu ya kiwanda chake.

Maswali hayo yametoka kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Maji ya 2016, kifungu cha 108, inakataza kumwaga maji taka ya kibiashara kwenye mabomba ya kampuni ya maji bila ridhaa ya kampuni hiyo. Mwombaji aeleze maji yake yana nini ndani, kiasi kikubwa kabisa atakachomwaga kwa siku moja, na kasi kubwa kabisa ya kuyamwaga. Sheria ya mazingira ya 1999 nayo, kifungu cha 74, inamtaka mwenye kiwanda aelekeze maji yake kwenye mtandao wa maji taka uliopo, kwa leseni ya anayeuendesha. Anayetaka kumwaga mtoni au ardhini ana njia nyingine kabisa: atahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mtambo wake mwenyewe wa kusafisha.

Sasa, kiasi kikubwa kabisa kwa siku moja ni kipi? Wengi huchukua bili ya maji ya mwezi na kuigawanya kwa siku za kazi. Bili inaonyesha maji yaliyoingia, tena kwa wastani. Haionyeshi yaliyotoka. Kwetu mengine hupanda juu kama mvuke kutoka kwenye boila, mengine huenda na mnara wa kupozea, na siku tunayoosha matangi yote makubwa hutoka maji mengi kuliko siku ya kawaida. Siku hiyo ndiyo sheria inayoiuliza. Tukaweka mita kwenye bomba la kutokea, na msimamizi wa zamu akawa anaisoma kila saa na kuandika kwenye daftari pamoja na kazi iliyokuwa ikifanyika. Daftari hilo lilinifundisha mengi kuliko mshauri yeyote, maana nilianza kuona ni kazi gani inayotoa maji gani.

Kabla ya mita, hata hivyo, ilibidi tujue mabomba yanaelekea wapi. Jengo letu ni la zamani, limepita mikononi mwa wapangaji wa biashara mbalimbali, na kila mmoja alichimba mfereji wake. Ramani ya jengo haikulingana na kilichokuwepo. Fundi wetu wa mabomba, mzee aliyefanya kazi eneo hili tangu ujana wake, alinunua rangi ya chakula, akaimimina kwenye tundu moja la sakafu baada ya jingine, huku kijana wake akichungulia chemba zilizoko nje.

“Mama, hii ya kuoshea lori sijaiona kwenye chemba,” mzee aliniambia. “Hebu twende tuangalie kule barabarani.”

Tukaenda. Rangi nyekundu ilikuwa inatiririka kwenye mfereji wa maji ya mvua, na mfereji wa mvua hauendi kwenye madimbwi ya kusafishia maji taka ya jiji. Unaingia moja kwa moja Mto Ngong, ambao unapita katikati ya Viwandani na kuungana na Mto Nairobi huko chini. Sehemu hiyo ilijengwa hivyo kabla yetu. Tuliiziba wiki hiyohiyo, tukachimba njia mpya kuelekea bomba la maji taka, na kuweka paa juu ya eneo la kuoshea ili mvua isiingie humo. Nawasihi wote: mwageni rangi kwenye kila tundu. Mtu anaweza kuwa na kibali halali cha maji anayoyajua huku mengine asiyoyajua yakienda mtoni mchana na usiku.

Tuje kwenye vipimo. Kanuni za ubora wa maji za 2006, ambazo ndizo tulizofuata, ziliweka viwango viwili. Maji yanayoenda kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, 50 za COD na 30 za chembe zinazoelea, na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, iwe kati ya 6.5 na 8.5. Yanayoenda kwenye bomba la maji taka yaliruhusiwa BOD 500, COD 1000 na chembe 250, pH kati ya 6 na 9, na joto kati ya nyuzi 20 na 35. BOD ni oksijeni ambayo bakteria watatumia wakila uchafu uliomo, ikipimwa kwa siku 5 katika joto la nyuzi 20. COD ni oksijeni inayohitajika uchafu huo ukiunguzwa kwa kemikali, na jibu lake hupatikana baada ya saa chache. Kwa BOD, kiwango cha bomba kilikuwa kama mara 17 ya kile cha mto, kwa sababu kuna mahali pengine kazi itakapomaliziwa.

Mtu akisoma 500 ataona ni namba kubwa. Fanya hesabu ya maziwa. Lita moja ya maziwa ina BOD ya takriban miligramu 100,000. Yaani lita moja ikimwagika sakafuni na kusukumwa kwa mpira wa maji, itachukua lita 200 za maji safi kabla ya kufika 500. Kwa kiwango cha mto ingehitaji zaidi ya lita 3,300. Chukua kiwanda kinachopokea lita 5,000 kwa siku na kutumia lita 10,000 za maji kwa usafi. Kikipoteza asilimia moja tu ya maziwa yake, lita 50, hizo peke yake zinatosha kuyafikisha maji yote hayo kwenye 500 kamili. Bado hujahesabu sabuni wala maji ya jibini.

Nilimwonyesha mkurugenzi wetu hesabu hiyo kwenye karatasi moja. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza lita 50 za maziwa zina thamani gani kwa mwezi. Kuanzia hapo mazungumzo yalibadilika. Hatukuwa tena tunazungumzia gharama ya kutibu maji, tulikuwa tunazungumzia maziwa ya wafugaji ambayo tumeyalipia na kuyamwaga.

Mabadiliko mengi tuliyofanya hayakuhitaji mtambo. Mabomba yaliyokuwa yamelala sawasawa yaliinamishwa kidogo ili maziwa yashuke yenyewe kabla ya kuosha. Suuzo la kwanza la tangi, ambalo bado ni jeupe, halimwagwi tena. Hukusanywa kwenye pipa. Maji yanayobaki baada ya kugandisha jibini, ambayo BOD yake hupita miligramu 30,000 kwa lita, huchukuliwa na mfugaji wa nguruwe kabla ya jua kuwa kali, kwa sababu yakichacha hayafai. Yogati iliyomwagika huzolewa kwa koleo la plastiki kwanza, halafu ndipo maji yafuate. Akina mama wa zamu ya usafi ndio waliobuni utaratibu wa koleo, na matokeo yalionekana kwenye maabara kabla hatujaweka kifaa chochote.

Kuna ushauri mbaya unaozunguka hapa mtaani, nao ni kufungulia bomba la maji safi karibu na chemba ya mwisho siku ya kuchukua sampuli. Namba inashuka, kweli. Uchafu haujapungua hata gramu moja. Isitoshe, hayo ni maji ya jiji ambalo mitaa mingi hupata maji kwa zamu. Mtu anayefanya hivyo anawanyima jirani zake maji ili karatasi yake ipendeze, na sioni namna ya kulisema hilo kwa upole.

Tatizo letu la pili lilikuwa usafi wa mitambo. Matangi na mabomba ya maziwa husafishwa kwa kostiki (alkali kali) ya moto, kisha asidi ya nitriki. Kostiki hutoka na pH ya 12 na zaidi, asidi hutoka ikiwa chini ya 2, na zote mbili ni za moto kupita nyuzi 35. Kila moja ikienda kwa wakati wake, zote mbili zinavunja masharti. Tulijenga tangi la kusawazishia, lenye ukubwa wa kupokea maji ya zamu nzima, na ndani yake kuna kikorogeo cha polepole. Humo kostiki na asidi hukutana na kupunguzana makali, maji hupoa, na yanatoka kwa kasi ileile mchana kutwa. Kabla ya tangi kuna mtego wa mafuta. Usiweke mtego baada tu ya bomba la maji ya moto, kwa sababu mafuta yaliyoyeyuka hupita, yakaenda kugandia mbele kwenye bomba la barabarani.

Kuhusu sampuli, nitasema kifupi. Sampuli ya chupa moja iliyotekwa saa nne asubuhi inaeleza habari za saa nne asubuhi. Tuliteka kidogo kila saa siku nzima ya kazi, kila kipimo kulingana na usomaji wa mita saa hiyo, tukachanganya, tukaweka kwenye barafu, tukapeleka siku hiyohiyo kwenye maabara inayotambuliwa na NEMA.

Mkaguzi wa kampuni ya maji alipokuja, hakuomba kuona ofisi. Alisema, “Madam, nionyeshe chemba yako ya mwisho,” na hapo ndipo tulipozungumza, tumesimama juani. Nilimuuliza kwa nini wanasisitiza joto na pH kuliko watu wengi wanavyodhani. Alinieleza habari za wanaume wanaoshuka kufungua mabomba yaliyoziba. Ndani ya bomba lisilo na hewa bakteria hutengeneza gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya mayai yaliyooza. Maji ya moto huharakisha kazi hiyo. Asidi ikiingia, gesi iliyokuwa imefungwa kwenye maji hupanda mara moja. Ikiwa nyingi, hulemaza pua, mtu hasikii harufu tena na hudhani hali ni shwari, na anaweza kufa humohumo. Gesi hiyohiyo hugeuka asidi ya salfuri kwenye dari ya bomba la zege na kulila taratibu mpaka barabara inatitia. Nilirudi nikawakusanya wafanyakazi wetu wote, nikawaeleza haya kwa Kiswahili chepesi, kwa kuwa wao ndio wanaofungua vali ya asidi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza kwa nini kostiki na asidi lazima zipitie kwenye tangi kabla ya kumwagwa.

Maji yetu yakitoka hapo husafiri hadi Ruai, mashariki mwa jiji, kwenye madimbwi ya Dandora. Mtambo huo ulisanifiwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku. Uchafu humezwa na bakteria: kwanza kwenye madimbwi ya kina yasiyo na oksijeni, kisha kwenye mapana ambako mwani hutoa oksijeni mchana, kisha mengine ya kuua vijidudu vya maradhi kwa jua na muda. Ni tumbo la jiji, na tumbo lina chakula linachokiweza na sumu isiyolifaa. Maziwa linayaweza kwa kiasi. Kromiamu ya kiwanda cha ngozi au mafuta ya gereji yanaliumiza. Yakitoka hapo, maji huingia Mto Nairobi, ambao humwaga Athi, na Athi huwa Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Njiani kuna watu wanaomwagilia sukuma wiki. Katika eneo la Maili Saba, mashariki mwa jiji, wakulima wamekuwa wakitumia hata maji taka ambayo hayajafika kwenye madimbwi. Mboga hizo tunazila sisi, mimi na wafanyakazi wangu.

Kibali kilipotoka kilikuwa na masharti: kiasi cha juu kwa siku, vipimo vya kila robo mwaka, chemba ya mwisho iwe wazi kwa mkaguzi wakati wowote, na mabadiliko yoyote ya uzalishaji yaarifiwe kabla. Sharti hilo la mwisho limeanza kutubana sasa hivi. Mkurugenzi anataka tuanze kutengeneza siagi, na siagi ina mafuta na maji yake ya kuoshea ambayo hayamo kwenye hesabu tuliyopeleka. Nimeandika barua kwa kampuni ya maji nikiambatanisha makadirio mapya, na mzee wetu wa mabomba ameshaanza kuchimba shimo la mtego wa pili wa mafuta, ili uwe tayari kabla mashine haijashushwa kwenye lori.