Tokyo hadi Los Angeles: unafika kabla hujaondoka

Mara ya kwanza kuiona ile tiketi nilijua wamekosea. Kuondoka Tokyo Jumamosi saa kumi na moja jioni, kufika Los Angeles Jumamosi hiyohiyo saa nne asubuhi, yaani natua masaa saba kabla sijaondoka, sasa hiyo ni ndege au ungo?

Kumbe ni mstari wa tarehe tu, ule unaopita katikati ya Pasifiki, ukiuvuka kwenda mashariki unarudi nyuma siku moja. Angani unakaa kama masaa kumi, ila Los Angeles wako nyuma ya Tokyo kwa masaa 17 (kipindi chao cha joto wanasogeza saa mbele, yanabaki 16). Kwa hiyo usipige hesabu ya muda kwa saa za kwenye tiketi, kila moja ni saa ya mji wake, tafuta palipoandikwa muda wa safari.

Umbali ni kama kilomita 8,800. Ukiangalia ramani ya ukutani hii miji karibu iko usawa mmoja, unategemea ndege ikate moja kwa moja, halafu kwenye skrini ya kiti unaiona inapanda kaskazini kuelekea visiwa vya Aleutian, vile vya Alaska, kama imepotea njia. Haijapotea. Chukua tufe, vuta uzi toka Tokyo mpaka Los Angeles, ukaze, uone kama uzi wenyewe haujapanda juu. Ukiulazimisha ufuate ule mstari wa ukutani unaongeza kama kilomita 500.

Kurudi sasa ndo kazi. Umbali uleule lakini masaa yanakuwa kumi na moja na nusu, hata kumi na mbili, sababu ni upepo, huko juu kama kilomita kumi kuna mkondo unaotoka magharibi kwenda mashariki na msimu wa baridi unaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Ukienda Marekani unakusukuma mgongoni, mimi niliiona namba kwenye skrini ikapanda mpaka 1,120 wakati ndege yenyewe mwendo wake ni kama 900 hivi. Ukirudi ni mbisho mtupu, marubani wanaukwepa wanavyoweza, namba inacheza 800 na kitu, unasinzia unaamka bado uko baharini.

Na ile siku uliyopewa bure wakati wa kwenda wanaidai. Nilitoka Los Angeles Jumamosi saa tano asubuhi, kichwani nikajumlisha masaa kumi na mbili nikaona nafika usiku, nikabuku hoteli Tokyo usiku wa Jumamosi. Nikatua Jumapili saa kumi jioni. Dada wa mapokezi akageuza kalenda ya mezani, akaweka ncha ya kalamu kwenye Jumamosi, akaisogeza taratibu mpaka Jumapili, kisha akainama kuniomba radhi, yaani kosa langu afu yeye ndo anaomba radhi. Chumba cha jana kilishakatwa hela kwenye kadi, cha leo nikalipa upya.