Mlango Uliozibwa na Kabati

Tulikwenda Dar es Salaam kwa ajili ya harusi ya mdogo wake mke wangu, na katika safari nzima hakuna jambo lililonisumbua akili kama suala la chumba cha kulala na watoto. Tunao watatu: binti wa miaka sita, mvulana wa miaka mitatu, na kichanga wa miezi minne. Kwa desturi tungefikia Magomeni kwa shangazi yangu, lakini wiki hiyo nyumba yake ilikuwa imejaa wageni wa harusi hadi sebuleni, na kichanga hangepata usingizi katikati ya ngoma na mapishi. Shangazi alinuna aliposikia tunakwenda hotelini. Ilibidi mke wangu ampigie simu na kumbembeleza.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, kwa hiyo nilianza kutafuta hoteli kwa kuuliza jambo ambalo wahudumu wengi wa simu hawakulitarajia: milango iko wapi? Hoteli nyingi zilinitajia chumba cha familia, ambacho kwa kawaida ni chumba kimoja kipana chenye kitanda cha sita kwa sita na vitanda viwili vidogo. Bei yake huvutia, lakini katika chumba cha namna hiyo watoto wanapolala saa mbili usiku, wazazi nao hulazimika kuzima taa saa hiyohiyo na kunong'ona gizani, kisha kichanga akiamka saa nane kunyonya, familia nzima huamka naye. Isitoshe, wataalamu wa afya ya watoto hushauri kwamba mtoto mchanga alale chali, kwenye kitanda chake mwenyewe chenye godoro lisilobonyea, bila mito, ndani ya chumba walimo wazazi walau kwa miezi sita ya mwanzo. Ukishaweka vitanda vitatu ndani ya chumba, nafasi ya kitanda cha kichanga hubaki mbele ya mlango wa bafu.

Kwa sababu hiyo tuliamua kuchukua vyumba viwili vyenye mlango wa ndani kati yao. Hoteli moja ya katikati ya jiji ilituhakikishia kwamba inavyo, kwa shilingi 110,000 kila chumba kwa usiku mmoja. Niliuliza mara ya pili kama mlango huo unafunguka, nikajibiwa kwamba unafunguka, nikatuma malipo ya awali.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Tangu treni ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai 2024, familia yetu imeachana na basi, na watoto walilala hadi tulipofika. Tuliposhuka, joto la pwani lilitupokea mlangoni mwa stesheni, na dereva wa teksi akatutoza fedha ambayo siku nyingine ningeibishia.

Dada wa mapokezi alitupokea kwa adabu. "Shikamoo baba, karibuni sana, vyumba vyenu viko tayari." Tulipanda hadi ghorofa ya tatu. Katika chumba cha kwanza, kando ya televisheni, niliuona mlango wa ndani, nikafungua komeo, nikakutana na mlango wa pili ambao upande wetu haukuwa na kitasa. Hapo sikuwa na wasiwasi, kwa maana ndivyo inavyopaswa kujengwa: milango miwili katika ukuta mmoja, kila mmoja ukifungwa kutoka upande wake, ili wageni wasiojuana wanapopangishwa vyumba hivyo, kila mmoja awe salama. Nilizunguka kwa nje nikaingia chumba cha pili ili nifungue kutoka huko. Mahali ulipopaswa kuwa mlango palisimama kabati la mbao, refu hadi karibu na dari, limefungwa ukutani kwa skrubu.

Fundi wa hoteli aliitwa, akaja na bisibisi. Alieleza kwamba kabati lilihamishiwa pale kwa sababu ukuta wa awali ulikuwa unavuja unyevu kutoka bafuni na nguo za wageni zilikuwa zinaota ukungu. Alifungua skrubu, tukalisogeza kabati sote wawili, na nyuma yake mlango ulikuwa mzima, ila umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo huo ulikuwa kwa meneja ambaye alikuwa amekwisha kuondoka kazini. Dada wa mapokezi akapanda kutuomba radhi. "Lakini baba, vyumba si viko jirani? Kutoka mlango hadi mlango ni hatua chache tu."

Wakati tunazungumza hayo, mvulana wetu alivuta kitasa cha chumba cha kwanza kutoka ndani, akatoka koridoni kumtafuta baba yake, na mlango ukajifunga nyuma yake. Milango ile hufunguliwa kwa kadi kutoka nje, na mtoto wa miaka mitatu hana kadi. Mke wangu alikuwa bafuni na kichanga. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati. Nilichosikia kwanza ni sauti ya mwanamke ikiuliza kwa nguvu, "Jamani, mtoto huyu ni wa nani?" Mama mmoja wa usafi, mtu mzima aliyevaa kanga kiunoni juu ya sare yake, alikuwa amemkuta mbele ya lifti, mkono mmoja umeshika kitufe kilichowaka. Alikuwa amemshika mkono mwingine kwa nguvu hasa, na hakumwachia hadi nilipomfikia.

Nilimwamkia, nikamshukuru, miguu yangu ikitetemeka. Akanitazama mimi, akatazama milango miwili iliyoachana. "Mwanangu, watoto wadogo hawawekwi chumba chao peke yao kwenye korido ya watu," alisema. "Hata kama ni hatua mbili. Hapa anapita kila mtu."

Maneno yale yamebaki nami kuliko harusi yenyewe, kwa sababu alilitaja jambo ambalo mimi, mtu wa ramani, nilikuwa nalizunguka bila kulifikia. Nyumba ya shangazi pale Magomeni ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi za Kariakoo na Ilala: unaingia kwenye ukumbi wa katikati, vyumba vinapangana kulia na kushoto, na ukumbi unakupeleka uani kwenye jiko, choo na bafu. Nimelala katika nyumba ile tangu utotoni, mara nyingi tukiwa watoto sita kwenye mkeka mmoja, na mlango wa chumba ulikuwa pazia tu. Usalama wetu haukutokana na vitasa. Ulitokana na ule ukumbi, ambao ulikuwa wa watu wa nyumbani pekee, kiasi kwamba mtoto akiamka usiku na kutoka chumbani bado yuko ndani, na lazima ampite bibi au shangazi kabla hajaufikia mlango wa mbele. Korido ya hoteli ina umbo lilelile, vyumba kulia na kushoto, lakini ni barabara. Mtoto akivuka kizingiti cha chumba chake amekwisha kutoka nje.

Usiku ule tuligawana. Mke wangu alilala na kichanga na mvulana, mimi nikalala na binti yetu nyuma ya kabati lililosogezwa, nikiwa nimeegemeza begi kubwa mlangoni. Kichanga alilia sana kwa joto, nami nilimsikia ukutani bila ya kuweza kumpokea mama yake walau kwa nusu saa, kwa kuwa nisingeweza kumwacha binti peke yake. Hicho ndicho tulicholipia shilingi 220,000, pamoja na chai ya asubuhi iliyokuwa ya watu wazima tu, watoto wakatozwa kando.

Asubuhi tulihama. Binamu yangu alitutafutia fleti Kijitonyama, ghorofa ya kwanza, kwa shilingi 160,000 kwa usiku. Nilipoingia nilisimama mlangoni na kuitazama kama ninavyotazama ramani: mlango mmoja wa kuingilia wenye komeo la juu, sebule, na vyumba viwili ambavyo milango yake yote inafungukia sebuleni. Nililipa papo hapo.

Haikuwa na raha ya hoteli. Kiyoyozi kilikuwa chumba cha wazazi pekee, kwa hiyo tuliacha milango yote miwili wazi na kuwasha feni. Wavu wa dirisha la watoto ulikuwa umechanika pembeni, na kwa jiji lenye mbu kama Dar es Salaam hilo si jambo la kuacha, tukanunua chandarua kabla ya jua kuzama. Roshani ndiyo iliyonipa kazi zaidi. Nondo zake zililazwa, na nondo zilizolala humpa mtoto ngazi ya kupandia. Hata zikisimama, nafasi kati yake ni lazima iwe ndogo: kanuni za ujenzi za Uingereza, kwa mfano, hazikubali uwazi ambao mpira wa sentimita 10 unaweza kupita. Zile zilipitisha ngumi yangu bila kugusa. Nilifunga mlango wa roshani na kuuweka ufunguo juu ya friji, na viti vyote vya plastiki nikavihamishia jikoni.

Lakini saa tatu usiku watoto wakubwa walikuwa wamelala, kichanga yuko kwenye kitanda chake cha kukunja pembeni ya kitanda chetu, na mke wangu na mimi tulikaa sebuleni taa ikiwaka, tukanywa chai na kupanga mambo ya harusi kwa sauti ya kawaida. Mvulana aliamka mara moja. Alitoka chumbani akajikuta sebuleni, akaja kulala mapajani mwa mama yake.

Harusi ilikuwa nzuri, na shangazi ametusamehe.

Hoteli ile imekubali kurudisha fedha ya chumba cha pili tu, na hadi sasa imerudisha nusu yake. Desemba tunarudi kwa ajili ya ubatizo, na safari hii kabla ya kutuma hata shilingi nitamwomba mhudumu asimame chumba cha kwanza na simu yake, aufungue mlango wa ndani huku anapiga video, apite hadi chumba cha pili, kisha anitumie. Atakayeshindwa kufanya hivyo hatapata fedha yetu, kwa kuwa nyumba ya Magomeni mwezi huo haitakuwa na wageni wengine, na shangazi amekwisha kuniambia chumba cha mkono wa kulia ni chetu.