Ugwe Uliokatika

Nilikuwa nimepewa kazi ya kupima algoriti inayochora mipaka ya viungo kwenye picha za CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, za kichwa na shingo, ili madaktari wa tiba ya mionzi wasilazimike kukesha wakichora kwa mkono. Ilijengwa kwa muundo wa U-Net, aina ya mtandao wa neva bandia wa kompyuta, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, waliutoa mwaka 2015. Nilitengewa wagonjwa 30 ambao algoriti haikuwahi kuwaona, majina yao yameondolewa, kila mmoja akiwa na michoro ya daktari ya kulinganishia.

Nilitegemea kipimo cha Dice: unachukua sehemu ambayo michoro miwili inakutana, unaizidisha kwa mbili, kisha unaigawanya kwa jumla ya ukubwa wa michoro yote miwili. Moja maana yake ni kulingana kabisa. Sifuri, kutokutana popote. Lee Dice alikieleza mwaka 1945 akiwa anachunguza ni kwa kiasi gani spishi mbili hukutwa mahali pamoja, na baadaye watu wa picha za tiba wakakichukua.

Kwa ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayoteremka ndani ya pingili, wastani ulikuwa 0.88. Niliridhika, maana ugwe ni mwembamba, na kwenye kitu chembamba kosa la pikseli moja ukingoni hula alama nyingi. Hata madaktari wawili wakimchora mgonjwa yuleyule hawalingani kikamilifu. Nikampelekea jedwali langu daktari aliyekuwa akisimamia kazi hiyo.

“Jedwali nimelisoma,” aliniambia. “Sasa nionyeshe wagonjwa.”

“Wote, Daktari?”

“Wote, mwanangu. Tutaanza na wa kwanza.”

Tulipofika kwa mgonjwa wa 17, alikuwa akiteremka tabaka baada ya tabaka kwa gurudumu la kipanya, na mstari wa kijani wa algoriti ulikuwa umeuzunguka ugwe kama pete. Kwenye usawa wa meno picha ilijaa michirizi myeupe na myeusi, kwa sababu mgonjwa alikuwa na meno yaliyozibwa kwa metali, na metali huivuruga miale ya CT. Hapo pete ikatoweka. Tabaka la pili halikuwa nayo, la tatu vilevile, la nne vilevile. Katika la tano ikarudi, imetulia mahali pake.

Daktari aliondoa mkono kwenye kipanya. “Ugwe wa mtu huyu umekwenda wapi?”

Sikuwa na jibu. Kila tabaka lilikuwa na unene wa milimita 3, kwa hiyo milimita 12 za ugwe hazikuwa na mpaka wowote. Programu inayopanga mionzi hukilinda kiungo kilichochorwa. Pasipochorwa, haina sababu ya kupunguza dozi, na ugwe ukiungua mtu anaweza kupooza bila kupona tena.

Nilifungua jedwali nikamtafuta mgonjwa huyo: 0.87. Nilipiga hesabu palepale. Ugwe wake ulikuwa na matabaka 80, na hata kama 76 yaliyochorwa yangelingana kikamilifu, kukosekana kwa manne kungeishusha alama hadi 0.97 tu. Umbali wa Hausdorff, ambao hutafuta kosa lililo mbali kuliko yote, nao haukupiga kelele, kwani kutoka katikati ya pengo hadi tabaka la karibu lililochorwa ni milimita 6. Nilikuwa nimepima kukutana kwa michoro, nikasahau kwamba ugwe haupaswi kukatika.

Jioni ile niliandika jaribio fupi lenye swali moja: je, kutoka tabaka la juu hadi la chini, mchoro ni kipande kimoja? Nililipitisha kwa wote 30. Wagonjwa watatu walikuwa na pengo, na wote watatu walikuwa na metali kwenye meno.

Ripoti niliiandika upya. Picha za mapengo hayo matatu niliziweka ukurasa wa kwanza, na wastani wa 0.88 ukahamia wa nne.